Kwaresima ya Motokari

Mzungu aliipiga motokari yake nyundo kwenye gati ya Kalemie, mchana kweupe, watu wakitazama. Ilikuwa Julai ya mwaka wa uhuru, na mji bado ukiitwa kwa jina la mfalme wao. Askari walikuwa wameasi makambini, Wazungu walikuwa wakikimbilia Kigoma na masanduku yao, na nahodha wa meli alikuwa amekataa katakata kupakia motokari. Basi yule bwana, injinia wa bandari, alifungua buti, akatoa nyundo ya shaba ya kufungulia magurudumu, akaanza na taa. Alipasua moja, akapasua ya pili, akageukia boneti. Alikuwa analia huku anapiga. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitengeneza motokari ile katika garaji ya bandari, na nilimchukia mtu yule siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia bosi yeyote.

Nilimrukia. Alikuwa mrefu, akanitupa chini, nikaamka nikamrukia tena. Ndugu yangu mkubwa, ambaye nilimwita Yaya kama sisi sote tunavyowaita wakubwa wetu, alikuwa karani katika biro, ofisi ya kodi iliyo karibu na gati. Alitoka mbio, tai ikiruka begani, akanyoosha mkono wa kushoto kuidaka nyundo. Hakuidaka. Nyundo iliteremka juu ya bati la gurudumu la mbele, na kidole cha kati cha Yaya kilikuwa katikati.

Mzungu alikitazama kile kidole. Akaiachia nyundo, akatupa ufunguo kwenye kiti, akapanda meli bila kugeuka. Nilimfunga Yaya kwa kitambaa chenye grisi, nikamketisha ndani, nikampeleka hospitali kwa motokari ileile isiyo na taa. Daktari naye alikuwa kwenye meli. Muuguzi mmoja alimalizia kukikata kile kidole kwa mkasi, Yaya akiuma tai yake kwa meno. Aliposhusha pumzi alisema afadhali ni mkono wa kushoto, maana wa kulia ndio ulioilisha nyumba.

Hivyo ndivyo motokari ilivyokuwa yetu, na nyundo yake ndani ya buti. Hakuna aliyekuja kuidai. Yaya alipenda kunichokoza mbele ya watu: "Hii motokari ya mudogo yangu inakula watu. Miye ilinionja kidogo tu."

Ilikuwa nyekundu, viti viwili tu, paa la turubai la kukunja, chini kiasi kwamba mbuzi walikutazama machoni. Ilikuwa imetengenezwa kwa mashindano, si kwa kubeba mihogo. Injini yake ilikuwa na kabureta mbili, zile sufuria ndogo zinazochanganya esansi, yaani petroli, na hewa kabla ya kuipeleka motoni, na kabureta hizo zilikuwa na kiburi. Kama moja ilivuta zaidi kuliko mwenzake, injini nzima ilinuna. Kando ya ziwa niliziweka sawa, na motokari ilinguruma barabara ya stesheni hadi akina mama wa soko walisimama kunitukana. Nilifurahi kutukanwa.

Taabu ilianza tulipoipandisha kwenda Kirungu, juu kwenye milima ya Marungu, ambako mama yetu alikuwa na mashamba yake ya maharagwe na viazi. Ilikuwa mwaka uliofuata, wakati wa vita vya Katanga, na kila daraja lilikuwa na kizuizi chake na watu wake wenye bunduki. Tulipofika katikati ya mlima motokari ilianza kukohoa. Moshi mweusi ulitoka nyuma, nguvu ikaisha, ikawa inatambaa. Tulifika kwa kusukuma. Kesho yake tukiwa tunateremka, esansi iliyokuwa imejaa kwenye bomba la moshi ikalipuka mbele ya kizuizi, paa! Walinzi wakadhani tumewapiga risasi, nao wakajibu. Risasi iliingia mlangoni upande wa Yaya ikatoka chini ya kiti. Kisha wakatutoa nje, wakatupiga kwa vitako vya bunduki mpaka walipochoka, na mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama motokari ile inauzwa.

Nililala kifudifudi wiki nzima, mgongo ukiwaka, nikiwaza. Nikaelewa. Juu milimani hewa ni nyembamba, lakini kabureta haijui kama imepanda mlima. Inamimina esansi ileile kama bado iko kando ya ziwa. Hewa kidogo, esansi nyingi, moto unazama. Buji, yale meno ya umeme yanayowasha moto ndani ya injini, zinapakwa masizi na kunyamaza. Motokari inaonekana ina njaa, kumbe imeshiba mpaka inatapika. Dawa yake ni kuinyima. Chini ya kila kabureta kuna nati. Ukiikaza kidogo, esansi inapungua.

Tangu hapo tulikuwa na mahali petu. Pale barabara inapoanza kuinuka pana kijito na jiwe bapa, na tulisimama hapo kila safari. Mimi nilipiga magoti nikakaza nati. Yaya alichukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni, akasikiliza zinavyopumua, kwanza hii, kisha ile. Alikuwa na sikio zuri kuliko langu, sikio la mwanakwaya. "Ya nyuma bado inalia zaidi," aliniambia, nami nikakaza tena, mpaka akasema, "Sasa ziko sawa." Tuliita jambo hilo Kwaresima, kwa kuwa motokari ilikuwa inafunga. Tukirudi, tulisimama palepale tukafungua nati, na hiyo ilikuwa Pasaka yake. Mama aliposikia alikasirika. "Musichezee Kwaresima," alisema. "Mutaona." Lakini nilimsikia siku moja akiwaambia wanawake wa Kirungu kwamba motokari ya watoto wake ni Mkristo.

Miaka ile, katikati ya risasi za kila namna, ilikuwa ndiyo furaha yangu. Kupanda Marungu baada ya Kwaresima, injini ikiimba, baridi ikitupiga usoni, Yaya akishika kofia kwa mkono wa vidole vinne. Kiti chake kilikuwa karibu sana na changu. Kila nilipobadilisha gia, ngumi yangu iligonga goti lake, na hakuwahi kulisogeza. Alisema goti lake ni sehemu ya gia.

Kisha ukaja mwaka wa sitini na nne, na waasi wakateka mji.

Walishuka na mikuki, mapanga na bunduki chache, na ngozi za nyani vichwani, wakipaza sauti: "Mai! Mai!" yaani maji. Mganga wao alikuwa amewamwagia maji ya dawa, na aliyemwagiwa, risasi haimwingii, ilimradi ashike masharti. Asiangalie nyuma. Asiibe. Na zaidi ya yote, asiguswe na mtu ambaye hakumwagiwa. Akiguswa, dawa imekufa, na yeye ni maiti inayotembea. Niliwaona wakitembea sokoni na vijiti, wakiwasukuma watu mbali kwa vijiti hivyo, wanaume wakubwa wanaoogopa bega la mwanamke anayeuza chumvi. Ningecheka kama si yale waliyoyafanya.

Walitupanga barabarani wakatazama mikono yetu. Mwenye mikono laini na wino kwenye vidole aliwekwa upande mmoja, sisi wa majembe na grisi upande mwingine. Jirani yetu mwalimu alikuwa ameisugua mikono yake kwa mchanga usiku kucha mpaka ikatoka damu, na damu ile ndiyo iliyomtambulisha. Walimuua kwa magogo, mbele yetu, na tukalazimishwa kupiga makofi. Nilipiga makofi. Viganja vyangu viliwasha siku nyingi, na mpaka leo mtu akiniomba nipige makofi kanisani ninakunja mikono.

Yaya hakuwapo, na kwa hilo nilimshukuru Mungu kwa sauti ndani ya choo changu. Nilikuwa nimempandisha Kirungu waasi walipokuwa bado njiani, na makarani wenzake wawili watatu wakafuata kwa miguu. Alinisihi nibaki naye. Nilirudi mjini, kwa sababu vifaa vyangu vilikuwa garajini, na kwa sababu nilijiona mjanja: nani atamuua fundi?

Kamanda wao aliiona motokari chini ya turubai. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, kofia ya ngozi ya nyani, na manyoya na nyuzi kavu za mgomba zikining'inia mabegani. Alinishika? Hapana, alinigusa kifuani kwa ncha ya panga.

"Njo yako hii?"

"Ndiyo, mukubwa."

"Inaweza kupanda Kirungu?"

Ningesema haiwezi. Lakini nusu ya mji ilikuwa imeniona nikipanda nayo. "Inaweza," nilisema.

"Muzuri. Makarani wa hapa wamejificha kule juu. Kuna mumoja wa vidole tisa, yeye njo alikuwa anaandika majina ya watu wa kodi. Yule nitamupiga miye mwenyewe. Weye utaendesha."

Hakujua ni ndugu yangu. Nilimjibu, "Ndiyo, mukubwa," nikaivua motokari turubai.

Aliingia akaketi kwenye kiti cha Yaya. Niliwasha injini, nikaweka gia ya kwanza, kisha ya pili, na ngumi yangu ikagonga goti lake kama kawaida ya motokari ile. Alipiga yowe. Aliruka juu ya mlango kabla sijasimama, akachomoa bastola, na watu wake wakanitoa nje wakanipiga kwa ubapa wa mapanga mpaka mganga alipofika na ndoo yake kumtakasa. Nikiwa nimelala kwenye vumbi niliwasikia wakijadiliana: nimwagiwe na mimi, au nisimwagiwe? Mganga alikataa, akasema anayeshika mafuta ya Wazungu maji hayamshiki. Mwishowe waling'oa ubao wa sanduku la ndagala, wakausimamisha kati ya viti viwili. Ndivyo tulivyosafiri, yeye upande wake na mimi upande wangu, harufu ya samaki katikati, na mpiganaji mmoja, baba mtu mzima mwenye bunduki, ameketi juu ya buti nyuma yetu. Lori la watu wengine lilitufuata.

Njia nzima niliwaza jambo moja tu. Ninampelekea Yaya kifo chake, na mimi ndiye dereva. Niliwaza kutumbukiza motokari korongoni, lakini niliogopa kufa, siwezi kudanganya. Kabla ya mlima lori lilipasua gurudumu likabaki nyuma. Nilifurahi, nikidhani tutalisubiri. Kamanda alisema twende.

Tukafika kwenye kijito na jiwe bapa. Mguu wangu ulikwenda wenyewe kwenye breki, kwa mazoea. Kamanda akageuza uso. "Unasimama ju ya nini?"

Pale ndipo nilipoona mlango wa kutokea. Nilisema, "Nilidhani mukubwa anataka maji," akasema hapana, nikakanyaga mafuta. Hatukufunga Kwaresima. Tulianza kupanda Marungu na kabureta zimeshiba esansi ya ziwani.

Mwanzoni motokari ilijikaza, nami nikaitukana moyoni kwa ushujaa wake. Kisha ikaanza kukohoa, kona baada ya kona, na moshi mweusi ukatanda nyuma yetu mpaka yule baba wa bunduki akawa anatema mate.

"Iko na nini?" kamanda aliuliza.

"Sijui, mukubwa. Imechoka."

"Iko na njala! Mupe esansi!"

Sikuamini masikio yangu. Kila mtu wa kando ya ziwa angesema hivyohivyo. Sisi wenyewe safari ya kwanza tulisema hivyohivyo. "Ndiyo, mukubwa," nikajibu, nikavuta ile sitarta ya asubuhi, kifimbo cha kuongeza esansi injini ikiwa baridi. Injini ililia mara moja kama mtu aliyekabwa, ikazama, ikazimika. Tulisimama kwenye mteremko, majani makavu ya kiangazi pande zote, baridi, kimya.

Alishuka. Akaniamuru nishuke nami, akanipiga kwa fimbo yake kichwani, masikioni, kwenye vidole nilipojikinga. Fimbo haivunji dawa. Alipiga akipumua kwa mpangilio, bila hasira, na kila pigo nilisema moyoni: piga, piga, jua linakwenda. Kidole changu kimoja kilivunjika, na nilisikia furaha ya ajabu, kama kwamba sasa mimi na Yaya tumefanana. Nilikuwa nimeamua kwamba motokari ile haitawaka tena, hata wakiniua kando yake.

Kamanda naye aliamua. Alifungua boneti mwenyewe. Aliniambia niketi nipige stata ya kuwashia injini, yule baba aniwekee bunduki shingoni, naye atazame kwa macho yake ni wapi ninapoficha uchawi wangu. Esansi ilikuwa imefurika, inadondoka kutoka midomo ya kabureta, niliinusa kutoka pale nilipoketi. Aliinamisha kichwa juu yake, ngozi ya nyani, manyoya, nyuzi kavu na yote.

"Rudi nyuma, mukubwa," nilimwambia. Nilisema kweli kwa mara ya kwanza siku ile. "Inaweza kutema moto."

"Piga!"

Bunduki ilinisukuma shingoni. Nikapiga. Injini ilizunguka, ikazunguka, ikatema. Ulimi wa moto ulitoka kwenye kabureta ukamlamba usoni, na nyuzi za mgomba zikawaka zote kwa pamoja.

Alirudi nyuma akipiga mayowe, akijipiga kichwani kwa viganja. Kulikuwa na gunia lenye maji chini ya miguu yangu, nililolitumia kupoza rejeta. Nililichukua nikamkimbilia, sikufikiri, ungemkimbilia hata mbwa. Naye aliponiona nakuja, anaungua vile, alinyoosha mikono yote miwili mbele kunizuia.

"Usiniguse! Usiniguse!"

Nilisimama. Naapa nilisimama na gunia mkononi. Nikamgeukia yule baba, ambaye alikuwa amemwagiwa maji na angeweza kumshika. Alikuwa ametupa bunduki, anateremka mlima mbio, akipaza sauti kwamba dawa imekufa. Basi nikamrukia kamanda kama nilivyomrukia Mzungu kwenye gati, nikamwangusha, nikamfunika gunia, nikamlalia mpaka moto ukazimika. Moto wa kabureta ulikula esansi iliyomwagika ukajifia wenyewe.

Nilipoinuka, ngozi ya uso wake na shingo ilikuwa imebabuka, na jicho moja limeziba. Alinitazama kwa lile jingine.

"Umeniua," alisema. "Umenigusa."

Hakugusa bastola yake. Nilimpokonya, nikaitupa majanini, na hakufanya chochote. Mtu aliyekuwa akiua wenzake kwa magogo alikaa kando ya barabara mikono mapajani, akisubiri kufa, kwa sababu nilimlalia.

Sikuwa na muda wa kumhurumia wala kumchukia. Yule baba angelifikia lori, na lori lingepanda. Ilinipasa niwatangulie kwa Yaya. Nilitoa buji, nikazikwangua masizi kwa wembe, nikazikausha shatini. Kisha nikapiga magoti na kidole changu kilichovunjika nikakaza nati, nikachukua mpira wa maji nikasikiliza mwenyewe. Sikio langu lilikuwa likivuma kwa vipigo, sikusikia vizuri. Niliweka kwa kukisia. Motokari ikawaka kwa jaribio la kwanza, ikanguruma safi, hata mimi mwenyewe nikashangaa.

Ningeweza kumwacha pale. Watu wengi wameniuliza kwa nini sikumwacha, na wengine waliuliza kwa hasira. Ninachojua ni kwamba masista wa Kirungu walikuwa na dawa ya moto, na kiti kilikuwa kitupu. Niliutupa ule ubao wa ndagala. Nilimpakia. Kila nilipobadilisha gia nilimgonga goti, na hakulisogeza tena.

Kirungu walisikia mlio wa motokari wakatoka, wakidhani naja peke yangu. Yaya alitangulia, suruali ya shamba, bila tai, mama nyuma yake. Akaona aliyeketi kwenye kiti chake.

"Njo nani huyu?"

"Kamanda wao. Ameungua, Yaya. Tumupeleke kwa masista, na mukimbie, nyuma kuna lori."

Yaya aliniangalia uso uliovimba na kidole kilichopinda. Aliuliza habari za mwalimu, rafiki yake. Nilimwambia. Aliuliza walimuua vipi. Nikamwambia na hilo pia. Kamanda alifungua jicho lake moja, akatazama mkono wa vidole vinne uliokuwa umeshika mlango, na nadhani aliuelewa, kwa sababu alifumba jicho tena.

Yaya alizunguka nyuma ya motokari. Nilisikia buti ikifunguliwa. Nilidhani anatafuta turubai la kumbebea.

Alirudi na nyundo ya shaba. Ndugu yangu, mwanakwaya, ambaye kuku wa sikukuu alichinjiwa na wengine kwa sababu yeye hawezi kuona damu. Nilisema, "Yaya!" mama akasema jina lake la ubatizo, na makarani wenzake walisimama tu. Hakuharakisha. Alimpiga pale pale kwenye kiti, akaendelea kupiga muda mrefu baada ya kutokuwa na haja, na mlio ulikuwa uleule wa gatini, shaba juu ya bati, kila alipomkosa akapiga mlango. Alikuwa analia huku anapiga.

Mama alivua kitenge cha mabegani akamfunika yule mtu. Yaya akaiosha nyundo kwenye karai la kuoshea viazi, akaikausha vizuri, akairudisha mahali pake kwenye buti. Tuliingia porini jioni ileile. Lori halikupanda. Baadaye tulisikia kwamba yule baba aliwaambia wenzake dawa ya kamanda imekufa mlimani, na wakageuza.

Mwisho wa kiangazi jeshi liliurudisha mji, likiwa na Wazungu wa kukodiwa, nao waliua kwa namna yao. Nilitangulia kushuka mjini, kisha nikapanda Kirungu kumrudisha Yaya kazini. Nilikuwa nimeosha kiti kwa sabuni na ndimu, nimekishonea kitambaa kipya. Aliketi, tai shingoni. Tulipofika kwenye kijito na jiwe bapa nilisimama, nikapiga magoti, nikafungua nati, naye akachukua mpira akasikiliza kama zamani, akasema, "Sasa ziko sawa." Sauti yake ilikuwa ileile. Nilimpenda. Nilikuwa nimepigwa na kuvunjwa ili awe hai, naye alikuwa hai, kando yangu, anashika kofia yake.

Tukashika njia ya ziwani. Nilipotaka kuweka gia ya tatu niliona goti lake pale pale lilipokuwa siku zote, linaningoja. Nikaigeuza ngumi yangu, nikaipitisha kwa juu, polepole, nisimguse. Aliona. Mpaka Kalemie nilibadilisha gia hivyo, naye mwisho akalivuta goti lake mlangoni.